Mhadhara Wangu wa Pampu Kavu

Jamani, hili nimelificha hata kwa mume wangu, lakini leo nalitoa lote: mimi Neema, niliyefundisha somo la pampu chuoni kule Mbeya miaka sita (bila kushika pampu hata moja, msinicheke bado), nilijiaibisha mbele ya darasa zima hapa Houston, nilikorudi kuwa mwanafunzi.

Profesa wetu wa uhandisi hana mihadhara. Anatuletea tatizo, siku hiyo ilikuwa pampu, beseni chini, tanki juu, anatugawa makundi mawili, anasema, "Pandisheni maji," kisha anakaa kunywa kahawa. Mimi nikaona huu ni uvivu, nikanyoosha mkono.

"Nipe dakika kumi nilifundishe kundi langu, halafu tuone nani atatangulia."

"Hata mimi ningependa kujua," profesa akasema, na kweli na mimi nilitaka kujua, sema nilidhani jibu ninalo tayari.

Basi nikajaza ubao mafomula, kundi langu likanakili kimya (raha iliyoje!), huku kundi la Wanjiru, Mkenya anayefanya unesi wikendi kulipia masomo, likibishana na kulowesha sakafu. Nikawasha. Pampu ikanguruma, maji hakuna. Nikaongeza kasi, ikalia kama mbuzi, maji hakuna. Ya wenzetu yakawa yanapanda.

Wanjiru akaja kuninong'oneza, "Mwalimu, si muijaze maji kwanza? Iko kavu."

Nilitamani ardhi inimeze. Swali hilo nililitunga kwenye mtihani kila mwaka! Kwa nini pampu hujazwa maji kabla ya kuwashwa? Na wapo niliowafelisha. Kwa aibu nikajaza harakaharaka, nikawasha bila kukaza kifuniko, maji yakaruka hadi ubaoni, mafomula yakatiririka, shati la profesa likalowa lote.

"Sasa tumejua," akasema, akifuta miwani.

Lakini Wanjiru hakucheka. "Sisi tulibahatisha tu. Kwani ikiwa kavu inakataa kwa nini?"

Nikamweleza, nimelowa chapachapa, kwamba pampu ile ikizungusha hewa haipati nguvu ya kuvuta maji, hewa ni nyepesi mno, naye akauliza tena, na tena, na kundi zima likasogea. Miaka sita nimehutubia, sikuwahi kusikilizwa vile.

Nimeapa: sitamweleza mtu jibu kabla hajahangaika na swali, na kabla sijahangaika nalo mimi mwenyewe, kwa mikono hii.