Tuko wa Ngapi Leo?

Miaka ile ya vita baba yangu, fundi cherehani wa Mangobo, mtaa wa Kisangani, alishikwa na ugonjwa ambao hospitali hazikuujua: kila siku alitaka kuambiwa amekuwa wa ngapi duniani. Si yeye hasa, bali ukurasa wake wa mtandao. Niliutengeneza mimi, binti yake, bila malipo na bila shukrani, kwenye cyber nilikofanya kazi karibu na soko.

Cyber yenyewe ilikuwa chumba kimoja, kompyuta chache, sahani ya satelaiti juu ya paa na jenereta iliyopiga kelele kuliko wateja. Lakini ndiyo ilikuwa njia pekee ya kutoka mjini bila kupigwa risasi. Simu zilikuwa zimekufa. Meli hazikuteremka tena Kinshasa, kwa sababu Kinshasa ilikuwa upande wa serikali, na sisi tulikuwa upande wa waasi bila mtu kutuuliza. Kaka yangu mkubwa aliteremka huko kusoma kabla ya hayo yote, na tangu mto ufungwe hatukusikia lolote kutoka kwake, wala yeye kutoka kwetu.

Halafu redio zikatangaza kwamba mtaa wetu umeteketea. Ni kweli nyumba yetu iliungua, ila sisi tulikuwa tumeshahamia avenue nyingine. Mama hakuyaogopa mabomu kama alivyoogopa jambo hili moja: kwamba mwanawe amekwisha kutukalia matanga, amewalisha watu na kuwanywesha bia kwa ajili yetu, na sisi tupo tunapumua.

Ndiyo maana ya ule ukurasa. Jina la kaka hatukuthubutu kuliweka, maana mwenye ndugu Kinshasa aliitwa mpelelezi, na mpelelezi hakupewa muda wa kujieleza. Basi tukajifanya tunatangaza biashara: fundi wa suti za harusi, Mangobo, Kisangani, bado anafanya kazi. Neno lenye maana pale lilikuwa "bado". Tulitumaini kwamba siku moja kaka ataingia cyber ya Kinshasa, ataandika Kisangani, na atatuona.

Nilipomweleza Papa kwamba mtu akitafuta kitu mtandaoni anatumia moteur, moteur de recherche, uso wake uling'aa. Kwetu moteur ni injini inayofungwa nyuma ya pirogi, mitumbwi ya kwenda Isangi.

"Bon," alisema, "kama iko na moteur, itafika Isangi mbele ya saa sita."

Sikumsahihisha. Tangu siku hiyo ukurasa ukisogea juu alisema tumepanda mto, na ukishuka aliuliza nani amezima moteur.

Kila nilipotoka kazini nilikuwa nimeshaandika Kisangani na kuhesabu tulipo. Mwanzoni aliyeningojea ni Papa peke yake. Kisha akaja fundi viatu wa jirani, kisha dereva wa toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria, akisimama na abiria wake nyuma. "Tuko wa ngapi leo?" waliuliza, kama vile timu ya mtaa imetoka kucheza. Wiki zikiwa tulivu tulipanda. Siku tuliyoingia ukurasa wa pili wa matokeo fundi viatu aliwatukana watu wa ukurasa wa tatu, ambao hakuwajua hata mmoja.

Halafu majeshi mawili ya kigeni, ambayo kila moja lilidai limekuja kutukomboa, yakapigana katikati ya mji wetu kuhusu nani atukomboe. Tulilala chini ya vitanda. Magazeti ya dunia nzima yakaandika Kisangani, Kisangani, Kisangani. Jenereta ilipowaka tena nikatutafuta ukurasa baada ya ukurasa, mpaka connexion ya mtandao ikakata roho kabla sijatuona.

"Wale wenye kuwa mbele yetu ni nani?" Papa aliuliza.

"Ni vita, Papa."

"Vita inashona suti?"

"Hapana, Papa."

"Alors inafanya nini mbele yangu?"

Mchungaji wa mtaa alijitolea kufunga na kuomba dhidi ya waandishi wa habari. Mimi nilikuwa na hasira na kila mtu, hata na kaka, ambaye pengine alikuwa anacheza dansi Kinshasa wakati mimi nahesabu mistari. Mama hakuuliza tuko wa ngapi. Aliuliza tu: "Ameona?" Nami kila siku nikamwambia bado.

Mchana mmoja hapakuwa na mteja, na njaa ilikuwa inanisokota. Bila kufikiri nikaandika lituma, ndizi zetu za kuchemsha zinazotwangwa mpaka ziwe donge. Mashine ikajibu kwamba hakuna kitu. Mabomu yetu dunia iliyajua kwa milimita, lakini lituma haikuijua hata kwa mstari mmoja. Hilo liliniuma kuliko kushindwa kote. Nikaufungua ukurasa wa Papa na chini ya suti za harusi nikaongeza: "Hapa lituma bado inatwangwa kila Jumapili."

Baada ya wiki kadhaa niliandika tena neno lile. Tulikuwa wa kwanza, na peke yetu.

Mangobo ilishangilia, dereva wa toleka akipiga kengele barabara nzima. Papa hakushangilia. "Miye tailleur," alisema, "umenigeuza malewa," yaani kibanda cha chakula cha kando ya njia. Ujumbe ukaanza kuingia kwenye anwani ya ukurasa, wote wa watu wetu waliotawanyika na kukumbuka matumbo yao. Mmoja, kutoka nchi ya baridi, aliuliza kama viazi vinaweza kufaa. Mama alisema huyo amepotea kabisa.

Kisha ukaja ujumbe usio na salamu wala jina, wa maneno mawili: "Nani anatwanga?"

Nilijua hapo hapo. Mtu wa biashara hawezi kuuliza hivyo. Ni mtu anayetaka kujua kama mama yake yu hai, na hathubutu kuandika swali lenyewe.

Nilikimbia nyumbani. Papa alisema tufikiri kwanza, inaweza kuwa mtego, tujibu kwa akili. Wakati anafikiri, Mama alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani na kutoka. Kule cyber nilimpa kiti, akakataa kukaa.

"Andika: ni miye."

"Ni hivyo tu, Mama?"

"Ni hivyo tu."

Niliandika huku nalia, wateja wakinitazama. Connexion ikakatika. Nikaandika tena, ikakatika tena. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, na kila ilipokatika alinigusa bega na kusema, "Andika tena."