Ndege Haijapita

Kwetu Katoyi, mtaa wa Goma jirani na uwanja wa ndege, hatukuwa na desturi ya kumuuliza mgeni atafika saa ngapi. Tulisikiliza ndege tu. Ikishapita juu ya mabati na vikombe kutikisika kabatini, mama alitia sambaza, visamaki vya ziwa letu, kwenye kikaango, na mmoja wetu akaenda kwa miguu kumpokea mgeni uwanjani. Samaki walikuwa bado moto alipoketi mezani.

Sasa uwanja wa Goma umefungwa kwa sababu ya vita, na vikombe vimetulia.

Baba alipozidiwa, macho yake yakiwa hayaoni tena, alitaka kitu kimoja tu: kifungua mimba wake, dada yangu anayeishi Kinshasa. Kila jioni nilimshika baba mkono, nikamwekea simu sikioni, waongee. Sauti ilikatikakatika, nusu ya maneno yakapotea, na baba akailaumu réseau, yaani mtandao wa simu.

Dada alipoamua kuja, niliiuliza simu hiyo hiyo kuhusu safari. Ikanijibu kwamba kutoka uwanja wa Kigali, kule Rwanda, hadi uwanja wa Goma ni kama nusu saa angani. Nusu saa! Nilitamani kuitupa ziwani. Haijui kwamba huku hakuna ndege inayotua. Haijui kwamba mtu wa Kinshasa, ili afike mji wa nchi yake mwenyewe, anapitia Addis Ababa, anashuka Kigali, anapanda basi la milimani mpaka Gisenyi, kisha anavuka mpaka kwa miguu. Penye nia pana njia, wanasema. Nia tulikuwa nayo tele.

Nilimweleza baba safari yote hiyo. Akakasirika.

"Mutu wa Kinshasa anapita Ethiopia kuya Goma? Munanidanganya tu. Ndege haiyapita."

Dada alifika Gisenyi na kukuta mpaka umekwisha kufungwa. Ikabidi alale ng'ambo, karibu kiasi kwamba ningeweza kumpelekea chakula kabla hakijapoa. Hasira nilikuwa nayo, ila sikuwa na wa kumpelekea. Askari anafunga saa aliyoambiwa. Mimi nilirudi ndani kumsikiliza baba akiuliza kama ndege imepita, akiuliza tena, sauti ikizidi kufifia.

Asubuhi dada aliingia, miguu imevimba, mzigo bado begani. Nikampisha kwenye kigoda changu. Akamshika baba mkono, akamwinamia sikioni.

"Papa, ni miye. Nimefika."

Uso wa baba ukachangamka kuliko nilivyouona kwa siku nyingi. Akaubana ule mkono.

"Leo réseau iko muzuri," alisema. "Ninakusikia sawa vile uko hapa. Sasa kuya mbio, mutoto wangu. Niko nasikiliza ndege."