Muteja wa kwanza nimemufukuza

Leo nimejipatisha haya mbele ya watu.

Asubuhi nimefungua tena kachumba kangu ka masaji, hapa Kasongo. Sababu ya mpox, ule ugonjwa wa vidonda ku ngozi, nimeweka maji na sabuni ku mulango, na kila mutu ninaangalia ngozi yake mbele ya kumugusa.

Wa kwanza kuja ni Mama Zaina, jirani yangu mwenye kuuza mandazi, anataka nimukande mugongo. Kunyoosha mikono anawe, nikaona vidonda vidogo-vidogo.

Nikapiga kelele: "Mama, rudi nyuma! Uko na mpox!"

Barabara nzima ikageuka kutuangalia.

Akasema polepole: "Mwanangu, ni mafuta ya mandazi iliniunguza. Ungeniuliza tu."

Akaenda zake.

Nimemufuata mpaka kwake kuomba masamaha. Amenipa kiti, amenipa na chai. Lakini mugongo wake amekataa niuguse.

Wandugu, mungefanya nini?