Ubao wa Vitunguu na Jogoo wa Sabuni

Watu husema samehe usahau. Mimi sijasamehe, na kusahau ndiyo kabisa.

Mume wangu alikuwa mchoraji katika karakana ya uchapaji. Yule jogoo kwenye karatasi ya sabuni ya kufulia, mwenye manyoya membamba kama uzi, ni wake. Halafu kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi, lakini mkono wa kulia ukabaki na nguvu za kushika kijiko tu. Aliporudi kazini, kibao cha kuchorea cha kompyuta hakikumsikia. Anabonyeza kalamu, mstari hautoki. Tajiri wake akamwambia mbele ya wenzake, "Huo mkono ni maiti. Nenda ukauzike." Wakacheka.

Nyumbani nilisema mimi kwa niaba yetu sote wawili. Nilitaka nikamtie adabu tajiri kwa mwiko.

"Tulia, mke wangu," akaniambia. "Nitamchora jogoo yule yule, na atamwona."

Akauteka ubao wangu wa kukatia vitunguu! Akabandika juu yake vipande vyembamba vya shaba, akavifunika kwa sponji nyeusi ya kupitisha umeme, ile ambayo vipuri vya kompyuta huja vimechomekwa ndani yake. Aliiokota zamani kwenye taka za karakana. Sponji ikibonyezwa, umeme unapita zaidi. Pembeni akaweka kijisahani cha umeme chenye chipu, kidogo kuliko kiberiti. Hicho ndicho kinachopima mbonyezo na kuiambia kompyuta mstari uwe mnene au mwembamba. Kuchomelea waya ilikuwa kazi yangu, maana mkono wake haukuweza. Niliungua vidole, na kwa kila waya nikamtukana tajiri. Yeye akashughulika na programu, akairekebisha mpaka mguso hafifu kabisa uhesabiwe kuwa nguvu. Siku jogoo alipotoka na manyoya yake yote, nililia, kisha nikasema, "Sasa adui na aje."

Akaja kweli. Mama mwenye kiwanda cha sabuni alitaka jogoo mwingine wa mkono ule ule, la sivyo apeleke kazi kwingine, na pale karakana hakuna aliyemuweza jogoo huyo.

"Hodi, shemeji," tajiri akaniambia, mdomo umejaa asali. Akamkuta mume wangu anachora. Akautazama ubao, akautazama mkono, akaamua siri ni ubao.

"Sponji hii imetoka kwangu," akasema. "Taka zangu ni mali yangu. Naondoka na hiki kifaa."

Nikashika mwiko. Mume wangu akanishika gauni.

"Mwache achukue."

Tena akamkunjia waya vizuri, akamwonyesha na pa kuchomeka! Nusura nipasuke kwa hasira. Halafu nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Loo! Kimya kingi kina mshindo.

Kesho yake tukaitwa mbio karakana. Mama wa sabuni alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, na kwenye kioo madoa meusi matupu. Tajiri alikuwa amebonyeza kama anayekanda unga, na ubao ule ulizoea mkono mwepesi. Kila alipogusa ulimwaga weusi.

"Huyu jogoo kaangukia kwenye masizi?" mama akauliza.

Mume wangu akaketi. Akagusa sponji kidogo tu. Unyoya mmoja, wa pili, shingo, kilemba. Mama akavuta kiti karibu.

"Kesho uanze kazi," tajiri akasema kwa sauti ndogo, jasho linamtiririka. "Yaliyopita si ndwele."

Mume wangu akachomoa waya, akanipa ubao wangu.

"Maiti hafanyi kazi, tajiri. Mkono nimeshauzika, kama ulivyosema."

Tukatoka. Mama wa sabuni akachukua mkoba wake, akatufuata.

"Shemeji!" tajiri akaita mlangoni. "Shemeji, hebu mwambie mumeo!"

Sikugeuka. Nilipunguza mwendo tu, nisikie vizuri anavyoita.