Mifuko ya Mdogo Wake

Kwacha. Miaka mitatu imepita, na dobi bado anausikia mlio huo: karatasi ya vidonge ikivunjika ndani ya suruali aliyokuwa akiikamua.

Suruali ilikuwa ya mdogo wake, fundi rangi. Nguo za wateja dobi huzipekua mfuko kwa mfuko kabla hazijagusa maji. Za ndugu yake hakuwahi. Aliona ni kumvunjia heshima. Siku hiyo akachomoa vidonge vya maumivu, sita vimeshaliwa, vinne vimelowa. Na ule mgongo fundi aliouumiza alipoanguka kwenye ngazi ulikuwa umepona miezi miwili nyuma.

"Siku hizi dada umekuwa askari?" alicheka alipoonyeshwa.

"Askari angekuweka ndani. Mimi nakupeleka kliniki. Vaa viatu."

"Si bangi hii. Nilipewa na daktari."

"Daktari alikupa vya wiki mbili. Hivi kakupa nani?"

Fundi akainama. Akavaa viatu, kamba akazikosea mara mbili.

Muuguzi hakuwafokea. Alisema wamewahi, tatizo bado changa; ila asiache kwa mpigo, apunguze kidogo kidogo kama atakavyopangiwa, na vidonge atakavyopewa akae navyo mtu mwingine. Dobi akavifungia kabatini, ufunguo akauning'iniza shingoni.

Zikaja siku ngumu. Fundi alitoka jasho kivulini, akamwita dada yake roho mbaya, akambembeleza, akanuna. Dobi hakumjia juu wala hakulegea. Alimwita uani kwenye mashuka ya nyumba ya wageni, maana shuka kubwa hukamuliwa na watu wawili, huyu anasokota huku, yule kule.

Asubuhi ya kwanza ya nusu kidonge, mikono ya fundi ilitetemeka. Shuka likamponyoka, likaanguka mchangani. Wakalisuuza. Likaanguka tena.

"Dada, nipe kizima leo tu. Kesho sikuombi."

"Hapana."

"Nitakuharibia kazi."

"Sabuni ipo, maji yapo."

Kicheko kikamtoka fundi bila kutaka, kisha macho yakamjaa machozi. "Na nikishindwa je?"

Dobi akaliokota shuka, akalisuuza mara ya tatu, akamkabidhi ncha yake. Alipozungumza, sauti ilikuwa chini kuliko matone yaliyodondoka kati yao.

"Hunichoshi, mdogo wangu."