Bakuli la Mama Chebet

Wenzangu wa kantini, nimebandika hii hapa ukutani. Msicheke kabla ya kumaliza.

Leo nimesaga chakula cha mtu mbele ya macho yake.

Mnamkumbuka Mama Chebet wa Boito? Yule mtoto wake alikuwa haoni kitu giza likiingia, tukampa vitamini A, akapona.

Basi, asubuhi amekuja maabara na bakuli limefunikwa kitambaa. Ndani mna mboga za kienyeji zilizopikwa na maziwa, bado zina joto.

Na mimi na koti langu jeupe! Wiki nzima akina mama wanatuletea mboga za kupima. Nikamwambia asante, nikamwaga zote kwenye mashine, nikatia asidi.

Kumbe yeye amekaa kwenye benchi, anangoja kutuona tukila.

"Daktari," akaniuliza polepole, "chakula yangu iko na ubaya gani?"

Nilikosa pa kuficha uso. Akatoka bila bakuli lake.

Majibu ya kipimo yametoka: vitamini tele.

Bakuli lake liko mezani kwangu. Kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu.

Andikeni hapo chini: nitie nini ndani?