Karambu Aliyeendesha Lori Akiwa Amefumba Macho

Mwaka wa 1986 Karambu alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa huko Meru, kule chini mtoni. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na moja, mwenye binti mmoja, Kendi. Dereva wa lori la chama cha wakulima wenye kiwanda hicho, mzee Mutembei, alikuwa karibu kustaafu, na kamati ikatangaza kwamba mwanachama yeyote anayeitaka kazi hiyo aje kufundishwa kila Jumamosi.

Karambu akaja. Mutembei akamtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Mama Kendi, leo hatupimi kahawa."

"Nimekuja kujifunza. Mimi pia ni mwanachama."

"Hapa kuna klachi, si mwiko." Wanaume watatu waliokuwa wakingoja zamu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Usukani hakupewa siku hiyo wala Jumamosi zilizofuata. Lakini karani ndiye aliyesindikiza stakabadhi za kahawa mpaka kwenye mtambo wa kukoboa, kwa hiyo mara mbili kwa wiki alikaa kando ya Mutembei, amefura kwa hasira, akitazama miguu ya mzee huyo. Wa kushoto unashuka lini? Wa kulia unaachia wapi?

Nyumbani, akishakamua ng'ombe, aliketi kwenye kigoda, akafumba macho, akaendesha. Hakutikisa hata kidole. Mwanzoni lori la kichwani lilimtii mno, likapanda mlima kama mbuzi, naye akajua anajidanganya. Basi akalilazimisha lizime katikati ya mlima, lianze kurudi mtoni, atafute breki ya mkono, gia ya kwanza, aachie klachi polepole. Akarudia tena na tena. Siku nyingine alifumbua macho jasho linamtoka.

"Unasali ama unaumwa?" mama yake, Ciakuthii, akauliza.

"Ninaendesha, mama."

"Mungu atusaidie."

Baada ya miezi minne, mwenyekiti wa chama, Njuki, aliwasomea wanachama majina matatu ya watakaojaribiwa. Karambu akasimama bila kuitwa.

"Kahawa yangu mnapokea! Jasho langu mnapokea! Jina langu liko wapi?"

Wanawake wakaanza kugonga mabenchi. Ili wanyamaze, Njuki akamwandika wa mwisho.

Siku ya jaribio kila mmoja alitakiwa kulipandisha lori mlima wa kutoka kiwandani, Mutembei akiwa kando yake. Mwanamume wa kwanza aligonga ua wa kiwanda. Wa pili alirudi nyuma mpaka watu wakakimbia. Wa tatu, Bundi, mpwa wa Njuki, lori lilimzimikia mara tatu lakini akafika juu.

Karambu akapanda. Jambo moja kigoda hakikuwa kimemfundisha: uzito. Klachi ilikuwa ngumu kama jiwe. Mguu ukateleza, lori likaruka, likazima. Vicheko vikapasuka uwanja mzima. Hasira ikampanda hadi masikioni. Akasogea mbele kwenye kiti, akakanyaga kwa paja zima, na tangu hapo mikono na miguu ikawa inajua njia. Mutembei alimwamuru asimame katikati ya mlima, kisha aanze tena. Akaanza, na lori halikurudi nyuma hata shubiri moja.

Mutembei alishuka amekunja uso. "Nani amekufundisha kwa siri?"

"Hakuna."

"Usinidanganye, mama! Mtu haanzi mlimani hivi bila mwalimu."

"Nimejifunza kwa kichwa changu, nikiwa nimekaa."

Wakacheka tena, kisha kamati ikakaa dakika kumi na kuamua kwamba Karambu ni mwongo, kwamba kuna gari alilokuwa akiendesha kwa kujificha, na mwongo hakabidhiwi mali ya wakulima. Lori akapewa Bundi.

Karambu aliutupa ufunguo wa mizani mezani mbele ya Njuki. "Pima kahawa yenu wewe mwenyewe!"

Akamwacha Kendi kwa Ciakuthii, akaenda Embu kwa dada yake Nelius, akajiandikisha shule ya udereva. Kwa masomo machache tu mguu uliizoea klachi, akapata leseni. Akaendesha lori la kubeba majani chai kwa miaka kumi na tisa.

Kama kuna aliyedhani miaka ingempoza, hakumjua. Njuki alipokufa, Karambu alikwenda mazishini, akamenya viazi na kuchota maji pamoja na wanawake wengine. Mchungaji alipomwomba, kama mfanyakazi wa zamani wa kiwanda, aseme neno moja zuri juu ya marehemu, alisimama mbele ya watu wote.

"Sina," akasema, akaketi.